Jiko la mkaa ndilo linalotupa joto usiku: tukilitoa, tutalalaje?

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Makete, mke na mama wa watoto wawili. Wa kwanza ana miaka sita na wa pili ana miezi minne. Tunaishi katika nyumba yetu wenyewe tuliyoijenga kidogo kidogo, vyumba vitatu na sebule, kuta za tofali za kuchoma na paa la bati. Sebule ina dari, vyumbani bado hatujapiga. Jiko la kupikia liko nje. Kijiji chetu kiko juu, upande wa kuelekea Kitulo, na kuanzia mwisho wa Mei hadi Agosti baridi huwa kali kiasi kwamba asubuhi nyingine majani hupambazuka meupe kwa sakitu, na maji yaliyoachwa nje kwenye ndoo hushika utando wa barafu.

Tangu tuhamie, mume wangu huwasha jiko la mkaa nje wakati wa jioni, hulisubiri likolee na moshi uishe, kisha huliingiza chumbani tunapolala na watoto. Pembeni huweka beseni la maji, kwa sababu ndivyo alivyolelewa kwao, na mama yake anasema amelala hivyo tangu utoto wake wala hajaona aliyekufa. Mwaka huu, baada ya mtoto kuzaliwa, mume wangu aliziba kwa matambara na nailoni matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha, pamoja na uwazi uliokuwa kati ya ukuta na bati, ili upepo usimpige mtoto. Nyumba ikapata joto kweli.

Wiki mbili zilizopita niliamshwa usiku wa manane na kilio kidogo cha mtoto, nikahisi kichwa kinagonga na miguu haina nguvu. Nilipompakata alikuwa amelegea, hakutaka titi. Mkubwa alitapika palepale kitandani. Nikafungua mlango, nikamwamsha baba yao kwa kelele, tukakaa wote barazani tumejifunika blanketi, na baada ya muda mtoto akalia kwa nguvu. Asubuhi vichwa vilikuwa bado vinauma, lakini mume wangu alisema ni mafua na uchovu wa shamba. Tangu siku hiyo nimekataa jiko chumbani. Yeye hajakasirika, ila ananiuliza swali ambalo sina jibu lake: mtoto akipata nimonia kwa baridi, nitasema nini? Mama mkwe anaona nimeleta maringo ya mjini. Naomba utueleze ukweli kuhusu hilo jiko, na utuelekeze namna ya kuifanya nyumba iwe na joto tukianza na kidogo tulichonacho. Mbao huku si shida, na mume wangu ana mikono ya kazi.

Mama wa wawili, Makete

*

Marahaba, mwanangu, na poleni sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale uliposema mtoto alikuwa amelegea na hakutaka titi. Usiku ule mlikaribia kufa wote wanne. Kilichowaokoa ni kilio cha mtoto na mlango ulioufungua. Siwezi kulisema jambo hili kwa upole zaidi ya hapo, kwa kuwa baba watoto naye anapaswa kulisoma.

Kabla ya habari za mbao na dari, wapeleke watoto kituo cha afya hata kama sasa wanacheza vizuri, nanyi wawili mpimwe pia. Mwambieni daktari waziwazi kwamba mlilala chumba kimoja na jiko la mkaa, kwa sababu dalili za sumu hii zinafanana na za malaria na mafua, na asiyeambiwa anaweza kutibu kitu kingine. Madhara yake kwenye ubongo wakati mwingine hujitokeza siku au wiki kadhaa baada ya mtu kuonekana amepona: kusahau, kubadilika tabia, kuyumba anapotembea. Mkiona lolote kati ya hayo, rudini hospitali siku hiyohiyo.

Sumu yenyewe inaitwa kaboni monoksaidi. Hutokea pale mkaa, kuni, gesi au mafuta yanapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ukiivuta huingia katika damu na kung'ang'ania mahali palepale ambapo oksijeni ingebebwa, tena kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivi kwamba damu huendelea kuzunguka mwilini ikiwa haina inachobeba. Aliye macho huumwa kichwa, hupata kizunguzungu, hutapika na kuishiwa nguvu miguuni. Aliyelala hapati onyo lolote. Usingizi wake huwa mzito zaidi, basi. Mtoto mchanga huvuta pumzi haraka kuliko mtu mzima, na mimba iliyo tumboni huumia hata mama yake anapoonekana mzima.

Sasa nije kwenye lile la kusubiri mkaa ukolee. Moshi mnaousubiri uishe ni ule unaowasha macho, na ni kweli huisha. Lakini mkaa uliokolea, ule mwekundu usio na ulimi wa moto, ndio hasa unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na unapofunikwa na majivu ili udumu hadi alfajiri huendelea kuitoa usiku kucha. Beseni la maji nalo halisaidii kitu, kwa kuwa hewa hii haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kumwokoa mtu. Wala maziwa hayasaidii kwa mtu aliyezidiwa, maana sumu imo katika damu, haimo tumboni. Mtu akizidiwa hutolewa nje kwenye hewa safi. Akiwa hana fahamu lakini anapumua hulazwa kwa ubavu, kisha hukimbizwa mahali penye mtungi wa oksijeni. Na kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri kabisa kwa mgonjwa wa sumu hii, kwa hiyo kisiwatulize.

Mama mkwe wako hasemi uongo, na ningependa umwambie kwamba nimesema hivyo. Nyumba aliyolelewa, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za huku kwetu wakati huo, huenda ilikuwa ya nyasi, na nyasi hupumua. Moshi wa moto wa katikati ya nyumba ulipenya kwenye paa lote, ukionekana kutoka mbali kama ukungu juu ya kijiji. Mlango wa mbao ulikuwa na nyufa za kupitisha vidole. Sumu ilikuwepo, na mafua ya kifua yasiyokwisha yalikuwepo, ila ilikuwa na pa kutokea. Mwanawe amejenga nyumba bora: tofali, bati, vioo, plasta. Kisha akaziba matundu ya mwisho. Nyumba ilibadilika, desturi ya jiko haikubadilika.

Kuhusu nimonia, hofu ya mumeo ni ya haki, na jibu lake ni kwamba hewa ya mkaa na moshi ni miongoni mwa vitu vinavyodhoofisha mapafu ya mtoto na kuifungulia nimonia mlango. Mtoto wa miezi minne hupata joto kwa nguo mbili tatu nyembamba zilizopandana, ambazo hushika hewa katikati yake kuliko nguo moja nzito, na kwa blanketi linaloishia kifuani lisilofunika uso. Kitanda chake kipasheni kwa mpira wa maji ya moto, kisha uondoeni kabla ya kumlaza ili usije ukamchoma. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi. Mkilala wanne katika chumba kimoja kidogo kilichotengenezwa vizuri, ninyi wenyewe ni hita.

Kinachowashinda sasa ni kwamba joto hilo linapanda na kutoka. Hewa ya moto hupanda, hukutana na bati lililopoa kwa kutazama anga tupu usiku, na hapo hupotea. Ukiamka alfajiri ukamulika tochi juu, utaona matone yamening'inia kwenye ncha za misumari ya bati, moja moja, yakisubiri kudondoka. Hayo ni pumzi zenu: mvuke mliotoa usiku uliogeuka maji kwenye bati. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni dari ya chumba cha kulala, na kama fedha inatosha chumba kimoja tu, pigeni kile kilicho kidogo zaidi na mlale humo wote hadi Agosti ipite.

Makete mna msindano, yaani paini, wa kutosha, basi dari yenu iwe ya mbao. Chagueni mbao zilizochongwa ubavuni zikaingiliana, na zikaushwe sawasawa kwanza, kwa sababu msindano mbichi ukipigwa mwezi huu, kufika Oktoba umesinyaa na kuacha nyufa za kupitisha kisu. Dari ikae kwenye futi 8 hivi, isifuate mteremko wa paa, ili msipashe hewa ambayo hamuihitaji. Kwa wiki hii, kabla mbao hazijapatikana, tungikeni turubai safi chini ya kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, livutwe likaze kutoka ukuta hadi ukuta. Mtaona tofauti usiku huohuo. Turubai linashika moto haraka, kwa hiyo mshumaa, kibatari na koroboi zisiingie chumba hicho kabisa.

Watu watawashauri mmwage maranda juu ya dari, na ushauri huo una asili yake. Wajenzi wa zamani wa Ufini na Uswidi, nchi ambazo theluji hukaa miezi, walijaza maranda na unga wa mbao katika kuta na juu ya dari zao, na yalizuia baridi vizuri. Lakini maranda hushika unyevu, huwa makao ya panya, na cheche moja ya waya wa umeme inaweza kufuka ndani yake saa nyingi kabla hamjajua. Kwa nyumba yenu mimi nasema msimwage mpaka nyaya zote za darini ziwe zimepita ndani ya mabomba yake, na kama mtapitisha bomba la moshi hapo, msimwage kabisa.

Dari ikishapigwa, yale matambara yaliyozibwa kati ya ukuta na bati yatolewe, na badala yake uwekwe wavu wa waya wa kuzuia popo na panya. Uwazi huo utakuwa juu ya dari, hautawapoza ninyi, bali utatoa unyevu unaoozesha kenchi. Matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha hayasubiri dari, yafunguliwe leo. Najua inaonekana kama nabomoa kwa mkono mmoja ninachojenga kwa mwingine, lakini watu wanne waliolala wanahitaji hewa, na tundu moja unalolijua, lililo juu kichwani kwa mtu aliyesimama, halimpigi mtoto aliyelala. Kinachompiga ni upepo wa chini: nafasi iliyo chini ya mlango, fremu iliyoachana na ukuta, kioo kilichopoteza puti.

Huo mtautafuta kwa udi. Usiku wenye upepo, zimeni taa, mwanga wa tochi utokee nyuma yenu, mwashe udi mmoja na kuupitisha polepole kando ya mlango, kisha kando ya kila dirisha, kwa umbali wa upana wa kiganja. Moshi wa udi hupanda wima kama uzi. Mahali upepo unapoingia, uzi hukatika na kulala kuelekea kwenu. Tieni alama ya chaki hapo. Kesho yake, mwanya wa fremu unazibwa kwa plasta au silikoni, ubavu wa mlango unapigiliwa ukanda wa mpira, na chini ya mlango panawekwa mto mwembamba wa kitambaa uliojazwa mchanga, ambao mama mkwe anaweza kuushona kwa saa moja.

Kwenye madirisha, piganeni na kioo kimoja kwa kutengeneza cha pili. Tengenezeni fremu nyepesi ya fito za mbao inayoingia ndani ya dirisha, mwivike nailoni nyeupe inayoonyesha, iliyokazwa vizuri, ikae kama sentimita 3 mbele ya kioo. Hewa iliyotulia katikati ndiyo inayozuia baridi, na ndiyo hesabu ileile ya madirisha ya vioo viwili yanayotumika nchi za kaskazini. Fremu hiyo iwe ya kutoka kwa mkono, na katika kila chumba cha kulala pawe na dirisha moja ambalo nondo zake zina bawaba na komeo la ndani, lisilohitaji ufunguo, maana moto ukizuka usiku mlangoni hamna njia nyingine.

Jua nalo ni la bure, ila wengi hatujui linakaa wapi. Makete iko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua la adhuhuri hulala upande wa kaskazini kwa zaidi ya nyuzi 30 kutoka utosini. Dirisha la kaskazini ndilo linalopokea jua la kipupwe. Lifungueni pazia kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, sakafu inywe joto, kisha mfunge pazia zito kabla jua halijazama. Mkiongeza chumba siku moja, chumba cha watoto kielekezeni huko.

Umeme, kama umefika kwenu, unafaa kwa kupasha chumba nusu saa kabla ya kulala. Hita ya wati 2,000 ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku hula uniti 10, yaani 300 kwa mwezi, na sidhani mshahara wa mwalimu unaweza kuvumilia hilo. Ichomekwe ukutani moja kwa moja, isipitie waya wa kuunganisha, na iwe mbali na pazia na blanketi kwa mita moja.

Mkitaka moto ndani ya nyumba kweli, upo moto halali: jiko la chuma lililofungwa, lenye mlango na dohani, yaani bomba la kutoa moshi hadi juu ya paa, nalo likae sebuleni, lisikae chumbani. Liwe juu ya sakafu ya saruji, mbali na ukuta wa mbao au makochi kwa sentimita 90. Bomba litokeze juu ya kilele cha paa kwa sentimita 60 hivi, la sivyo upepo wa Kitulo utaurudisha moshi ndani. Liwekewe kofia ya mvua. Kuni ziwe zimekaa kavu chini ya paa kwa miezi sita au zaidi, kwa kuwa msindano mbichi hujaza bomba masizi yanayonata kama lami, na masizi hayo yakishika moto bomba zima hunguruma. Lisuguliwe kila mwaka mwezi Mei, kabla ya baridi. Usiku mlango wa chumba ufungwe, moto uachwe uzimike wenyewe bila kubana kabisa tundu la hewa la jiko.

Mahali bomba linapopita kwenye dari ndipo pa kuogopa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa narekebisha paa la nyumba moja huko Mufindi, nikatoa ubao wa dari uliokuwa umegusana na bomba la moshi. Upande wa chini ulikuwa na rangi yake nzuri. Nilipougeuza, upande wa juu ulikuwa mweusi tititi, umepasuka vipande vipande vya mraba kama mkaa uliotoka tanuruni, na ulikatika mkononi mwangu. Moto haukuwahi kuonekana katika nyumba hiyo. Joto la kila siku lilikuwa likiupika ubao polepole, na siku moja ungewaka. Kwa hiyo bomba la ukuta mmoja lisikaribie mbao kwa chini ya nusu mita, na pale linapopenya dari na papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, litumike bomba la kuta mbili lililotengenezwa kwa kazi hiyo, au msiliweke kabisa. Hapa sishauri kubahatisha na fundi wa bei rahisi.

Wala msidhani kwamba dohani humaliza hatari. Mwaka 2008, mjini Woodstock katika jimbo la Ontario, Kanada, nchi inayojua baridi kuliko sisi sote, familia ya watu wanne ilikufa kwa sumu hii iliyoivuta nyumbani kwake kwa sababu njia ya kutolea hewa ya meko yao ya gesi ilikuwa imeziba. Mwaka 2013 Ontario ilipitisha sheria ya kuweka nyumbani kengele inayolia kaboni monoksaidi inapozidi. Ni kifaa kidogo cha betri, huwekwa karibu na mahali pa kulala. Mkiweka jiko la dohani, nunueni na kengele hiyo katika bajeti ileile. Ila haihalalishi jiko la mkaa chumbani.

Majivu yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, mbali na stoo ya kuni. Kaa moja ndani ya majivu linaweza kuishi zaidi ya siku. Na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, iandikeni ukutani, hata kama gari lao litachukua muda kuwafikia.

Kwa mama mkwe, usimpelekee karatasi hii kama hukumu. Mwalike siku ya upepo, mpe yeye ule udi aushike, wewe ushike tochi, na baba watoto ashike chaki.